Majani ya Shimoni

Kondoo watatu walinunuliwa kwa ajili yangu kwenye soko la Tarakea, mwezi wa nne, mimba yangu ikiwa haijatimiza miezi mitatu. Walikuwa madume wachanga, wameachishwa kunyonya juzi juzi, mikia yao bado myembamba. Mama mkwe wangu aliwachagua mwenyewe, akawaswaga mwenyewe kwa miguu nusu siku nzima, na alipofika aliwafunga ndani, upande wa kushoto wa nyumba kubwa, mkabala na kitanda chake. Hakuniambia ni wa nini. Mke wa mwana akiwa na mimba, kisha kondoo wakaingizwa ndani, hata mgeni kama mimi anaelewa.

Na mgeni nilikuwa kweli. Wazazi wangu walitoka mkoa wa mbali kufuata kazi kwenye mashamba ya miwa, kule tambarare kusini ya Moshi, na mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi, nyumba za mstari, choo kimoja kwa familia sita. Niliolewa mlimani, upande wa Rombo, na dereva wa lori ambaye alionekana nyumbani mwisho wa mwezi, akaoga, akalala, akaondoka tena kwenda Holili. Baba mkwe alikwisha kufa. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe, tukizungumza Kiswahili ambacho kwake kilikuwa lugha ya ugenini na kwangu ndiyo lugha pekee. Nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima, saa kumi jioni, kwenye baraza la ofisi ya chama. Mama mkwe alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Alikaa mbele, na ni yeye peke yake aliyenawa miguu kabla ya kuja darasani.

Niwaeleze kuhusu kondoo, kwa sababu watu wa kwetu kambini hawakulijua jambo hili na walilicheka. Mlimani, mwanamke akijifungua hatoki nje miezi mitatu. Kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha. Mafuta ya mkia wa kondoo yanayeyushwa, anayanywa, anatiliwa kwenye mtori wa ndizi, anapakwa hata mtoto. Siku akitoka, wanawake wanamtazama mashavu na mikono, na hukumu haiwi juu yake. Inakuwa juu ya mama mkwe. Mzazi aliyetoka ndani amekonda ni aibu ya nyumba ile, na aibu ya aina hiyo watu wa pale hawaisahau upesi.

Mimi nilikwisha kutoka ndani nimekonda mara moja. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwaka wa njaa, mwaka ambao unga wa njano ulipangiwa foleni na ng'ombe walikufa kule chini. Hapakuwa na kondoo. Mama mkwe alinichemshia mifupa mpaka mifupa yenyewe ikawa laini. Mtoto, msichana, aliishi siku kumi na nane. Mganga wa zahanati alisema ni mapafu, nami nilimwamini. Mama mkwe hakusema neno, lakini baada ya hapo hakuweza tena kuniangalia usoni kwa muda mrefu.

Mama yangu mzazi, yeye alisema. Mwezi wa tano alipanda basi kuja kunitazama, akiwa amebeba miwa miwili mabegani na hasira yake ya tangu mwaka wa njaa. Alikula, akanywa chai, akashukuru, kisha akaomba kuonyeshwa kondoo. Aliinama akamshika mmoja mkia.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "hii ni kamba."

"Ni mtoto bado," mama mkwe alijibu. "Atakula."

"Ale. Mwezi wa kumi nitarudi kuushika tena huu mkia. Nikikuta kamba, namchukua binti yangu akazae kwangu. Wa kwanza nilinyamaza. Wa pili sinyamazi."

"Utakuta mkia," alisema mama mkwe.

Nilikuwepo wakati wanapatana, nimekaa kati yao na kikombe cha chai. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka kuzalia wapi. Wote wawili wangeshangaa kama ningekuwa na jibu.

Kazi iliyobaki, basi, ilikuwa kulisha. Mlimani mifugo haiendi malishoni. Kihamba, shamba linalozunguka nyumba, kimejaa migomba na kahawa, hakuna pa kumwachia mnyama, kwa hiyo mnyama anakaa ndani na majani yanamfuata. Wanawake walishuka asubuhi hadi nyika ya chini, wakakata majani, wakapanda na mzigo kichwani, mwendo wa saa mbili kushuka na tatu kupanda. Miaka yote mama mkwe alikuwa na sehemu yake kule, kando ya korongo, sehemu aliyoonyeshwa na mama mkwe wake yeye. Mwaka ule sehemu hiyo ililimwa. Shamba la ujamaa la kijiji lilianzia pale kwenye korongo, trekta likapita, mahindi yakapandwa. Alikwenda na mundu wake akarudi na mundu wake. Sikumsikia akilaumu mtu. Alisema tu kwamba sasa majani mazuri yako mbele zaidi, saa nzima zaidi, na akakaa chini kujikanda goti. Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu nimjue.

Wakati wa masika haikuwa shida kubwa. Kulikuwa na majani marefu ya mabingobingo kwenye kingo za kihamba, kulikuwa na maganda ya ndizi na vipande vya mgomba. Shida ilikuwa kiangazi. Kondoo anayekua hangoji, asipokula mwezi wa saba na wa nane, ule mwezi wa kumi hatafidia. Na kukausha majani kwetu hakuwezekani, maana mwezi wa sita na wa saba mlima unafunikwa na ukungu na manyunyu wiki nzima, na majani unayoyaanika yanaota uyoga.

Ndipo bwana mifugo alipoitisha mkutano nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa kijana wa mkoa mwingine, ana pikipiki na mabuti, na alizungumza Kiswahili cha haraka kama mtu anayesoma tangazo. Alisema majani yanaweza kuvundikwa. Unachimba shimo, unakatakata majani yakiwa bado mabichi, unayapanga, unanyunyizia molasi, unayakanyaga mpaka hewa yote itoke, unafunika, unafukia. Baada ya wiki sita yanakuwa chakula kitamu kuliko kibichi. Hewa ndiyo adui, alisema, na alirudia neno hilo mara nyingi. Shimo lisifunguliwe hata kidole kabla ya wakati.

Nilikaa kando ya mama mkwe nikimnong'oneza. Maneno ya kawaida aliyashika mwenyewe, ila kijana alikuwa na mbio. Nilimweleza kuhusu kukatakata, nilimweleza kuhusu molasi. Kijana alipofika kwenye habari ya hewa nilikuwa nimechoka, kichefuchefu cha mimba kilikuwa kimenikamata, na jirani wa upande wa pili alikuwa anamwuliza mama mkwe kitu. Nilimwambia, "Lifunikwe wiki sita." Sikumwambia kwa nini.

Mama mkwe aliposikia neno kuvundika alicheka, jambo ambalo lilikuwa nadra.

"Hii ndiyo anatoka nayo shule?" aliniuliza. "Mimi navundika ndizi tangu yeye hajazaliwa."

Ilikuwa kweli. Mama mkwe alikuwa mpika mbege, pombe ya ndizi, anayejulikana kata nzima. Watu wenye harusi walitoka vijiji vitatu mbali kuja kumwomba. Ndizi zake alizivundika shimoni nyuma ya nyumba, na siri ya mbege, kama alivyonieleza mara nyingi, ni kuzitembelea ndizi kila siku. Unafunua pembeni, unatia pua, unajua leo ni bado, kesho ni bado, keshokutwa ndiyo. Asiyefunua anapika siki.

Tulichimba lile shimo juma la tatu la mwezi wa sita, kati ya migomba, mahali ambapo maji hayatuami. Namaanisha alichimba yeye na kibarua mmoja, mimi niliruhusiwa kukatakata. Mabingobingo yalikuwa yameanza kuchanua. Tuliyakata vipande vya urefu wa kidole, kwa panga, siku tatu. Molasi nilileta mimi. Baba yangu alinipatia debe zima kutoka kiwanda cha sukari, likapanda mlima juu ya paa la basi, na kila kituo nyuki walikuja kutusalimu. Mama mkwe aliionja kwa kidole, akafikiri, akaonja tena. Alisema inafaa kwa mbege, na ni dhambi kuwapa kondoo. Hata hivyo aliichanganya na maji akainyunyiza yote.

Kukanyaga kulifanywa na wanawake watano, ndani ya shimo, wameshikana mabega. Waliimba. Mmoja aliniambia niingie, mama mkwe akamkemea, akasema mwenye mimba hakanyagi shimo. Tulifunika na majani makavu ya migomba, juu yake turubai la zamani kutoka kwenye lori la mume wangu, juu yake udongo kiasi cha mkono mmoja. Kilikuwa kichuguu kizuri, kimesawazishwa kwa jembe. Nilifurahi kukiangalia, nakumbuka.

Siku ya nne, alfajiri, nilisimama dirishani kwa sababu ya kiungulia. Chumba changu kilikuwa kwenye nyumba ndogo, na dirisha lake lilitazama migomba. Nikamwona mama mkwe kwenye shimo. Alikuwa amepiga goti moja, lile zima, amefukua udongo kwenye kona moja, ameinua turubai, ameingiza mkono mpaka begani. Alitoa majani kidogo, akayapeleka usoni. Alikaa hivyo muda, mgongo wake ukiwa kwangu. Kisha alirudisha turubai, akarudisha udongo, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto.

Nilijua papo hapo ni kosa. Sikuhitaji kufikiri. Neno hewa lilikuwa bado masikioni mwangu, na lile la hata kidole. Nilikuwa na maneno yote ya Kiswahili ya kumwambia, na siku hiyo hiyo jioni angekuwa amekaa mbele yangu darasani na daftari.

Sikumwambia. Siku ya tano alifukua tena, siku ya sita tena. Nikawa naamka kusudi kumtazama. Nilijiambia kwamba mke wa mwana hamfundishi mama mkwe kazi ndani ya kihamba chake, na kwamba darasani ni darasani na nyumbani ni nyumbani. Nilijiambia ni heshima. Nimekuwa mtu mzima muda mrefu sasa, na naweza kusema haikuwa heshima. Nilitaka kwenda kwa mama yangu. Nilitaka kuzalia kambini, kwenye kelele, kwenye nyumba ambayo hakuna mtu angenipima mashavu, ambako hakuna kaburi dogo nyuma ya migomba. Lile shimo likiharibika, kondoo hawatanona, kondoo wasiponona mama yangu atakuja mwezi wa kumi atashika kamba, nami nitaondoka bila kumkosea mtu. Sikupaswa kufanya lolote. Nilipaswa kunyamaza tu, na hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa kwa kunyamaza. Wiki sita nzima nilinyamaza.

Lilipofunguliwa, mwanzoni mwa mwezi wa nane, harufu ilitoka mpaka barabarani. Sehemu kubwa ya katikati ilikuwa njema, rangi ya tumbaku, inanukia uchachu mzuri unaokaribia mbege kiasi kwamba wazee wawili walisimama kwenye ua wa masale, ile mimea ya mpakani kando ya barabara, kuuliza kama kuna kitu. Lakini ile kona, na kutoka kona ile upande mzima hadi chini, majani yalikuwa meusi yenye utando mweupe, yanateleza. Mama mkwe aliyashika, akayanusa.

"Ndizi zikifanya hivi tunatoa za juu," alisema.

Alitoa ya juu. Ya chini yake aliyaacha, kwa sababu kutupa majani katika kiangazi kile, baada ya kazi ile, hakuna mwanamke wa mlimani angeweza. Aliyachanganya na yale mazuri.

Kondoo siku ya kwanza waligoma. Siku ya pili walinusa. Siku ya tatu walikula kwa fujo, wakawa wanalia wakisikia mlio wa karai. Alikuwa anawapimia karai moja asubuhi na moja jioni, juu yake pumba na chumvi kidogo ya magadi. Akishamaliza kuwapa alipitisha kiganja mgongoni mwa kila mmoja, kutoka shingoni mpaka kiunoni, kisha anaubonyeza mkia. Mwisho wa wiki ya pili aliniita nibonyeze mwenyewe. Mkia ulikuwa umeanza kujaa. Chini ya manyoya kulikuwa na kitu laini chenye uzito, kinachorudi ukikiachia. Mama mkwe aliniangalia usoni, akaniangalia muda mrefu, na alikuwa anatabasamu. Nilitabasamu pia, na moyoni nilichukia, niseme ukweli. Nilichukia kwamba inafanikiwa.

Wiki ya tatu mmoja aliacha kula. Alisimama ameinamisha kichwa upande wa kushoto, sikio moja limelegea, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo. Kisha akaanza kuzunguka. Alizunguka kushoto, daima kushoto, mpaka kamba ikajifunga yote kwenye nguzo na kichwa kikagota pale. Mama mkwe alimfungua, akamgeuza kulia. Akazunguka kushoto. Siku ya pili yake alianguka, miguu ikawa inaogelea hewani, na jioni alikufa. Kabla hajafa, wa pili alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa.

Kesho yake wanawake walikuja kutazama. Kondoo wa uzazi anayezunguka ni habari. Walisimama mlangoni na mikono yao vifuani, wakamwangalia kondoo, wakaniangalia tumbo. Mmoja aliuliza kwa Kichagga kitu ambacho nilikielewa nusu, kuhusu yule mtoto wa kwanza, na mama mkwe akamwambia atoke.

Bwana mifugo aliletwa siku ile ile. Alimtazama wa pili, akamfunua jicho, akanusa lile karai. Akaomba kuonyeshwa shimo. Alifukua kidogo kwa buti, pale konani, kisha akasimama.

"Shimo hili lilikuwa linafunguliwa," alisema. "Nani alikuwa analifungua?"

Tulikuwa watu watano pale. Nilikuwa nimeegemea mgomba.

"Mimi," alisema mama mkwe.

"Mama, mara ngapi?"

"Kila siku."

"Mkutanoni nilisema nini?"

Mama mkwe aligeuza kichwa. Aliniangalia mimi. Nilidhani anataka nimtafsirie, nikainamisha kichwa. Kijana hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameudhika, na alimsema pale pale mbele ya majirani, mwanamke ambaye asubuhi yake alimwamkia shikamoo. Alimwambia ugonjwa huu unakaa kwenye majani yaliyooza, unapanda kichwani mwa kondoo, hauna mchezo. Alimwambia ameua wanyama kwa mikono yake. Akaamuru mizoga ifukiwe kina kirefu, isiliwe hata ngozi. Mama mkwe aliitikia kila kitu kwa "ndiyo, bwana," na mikono yake ilikuwa nyuma.

Wa pili alikufa siku iliyofuata. Yale majani yote, mazuri na mabaya, yalitolewa shimoni yakatandazwa mbali kwenye kahawa. Akabaki kondoo mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye kwa sababu anazozijua mwenyewe hakuwahi kulipenda lile karai na alikuwa akibakiza. Huyo hakuumwa. Lakini hakuwa na mkia wa kumwonyesha mtu.

Kuanzia hapo mama mkwe alirudi nyikani. Aliondoka kabla ya jua na kurudi mchana na mzigo, goti limevimba, anapanda kilima kwa upande kama kaa. Nilimwambia apumzike. Nilimwambia mara mbili, kwa sauti ya kawaida. Yule kondoo alikula, lakini mwezi mmoja na nusu ni mfupi, na majani ya nyika mwezi wa tisa ni vijiti.

Mama yangu hakulazimika hata kuja. Katikati ya mwezi wa tisa mama mkwe aliniita ndani ya nyumba kubwa, akaniambia nimwandikie barua. Aliisema, nikaiandika. Ilisema mkwe mwenzangu, mkia sina, binti yako nakuletea mwenyewe au uje umchukue, nisamehe. Alitia sahihi mwenyewe, herufi moja moja, kama nilivyomfundisha. Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi alisoma jibu la mama yangu, kwamba nishuke kwa basi naye atanipokea Moshi, akasema kama wazee wamekubaliana yeye hana neno.

Nilifurahi. Nilikunja nguo zangu nikiwa naimba chini chini. Sioni sababu ya kuficha.

Siku ya kuondoka nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda kando ya yule kondoo, anamlisha majani kwa mkono. Nilitaka kuaga vizuri. Nikauliza kitu ambacho nilidhani najua jibu lake, ili tu pawe na mazungumzo.

"Mama, ulikuwa unafukua kwa nini? Kama ndizi za mbege?"

"Kwanza ndiyo, kama ndizi," alisema. "Halafu hapana. Nilikuwa naonja."

"Unaonja majani?"

"Naweka mdomoni. Natafuna kidogo, nameza maji yake, nasubiri mchana kama tumbo litauma." Alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno. "Kondoo atakula hii. Wewe utakula mafuta ya kondoo. Mtoto atanyonya kwako. Yule wa kwanza sikuonja kitu. Nilikupa tu mifupa, sikuonja. Huyu nikasema kila kitu kipite kwanza kwangu."

Nilikuwa nimesimama, sanduku mkononi. Sikuliweka chini.

"Na wewe ulikuwa unaniona," alisema.

Nilihamishia sanduku mkono wa pili.

"Dirishani. Pazia lilikuwa linacheza. Mimi maneno ya yule bwana sikushika yote, anaenda mbio. Wewe ulishika. Nikasema, mwalimu yuko pale anatazama. Kule darasani nikikosea unasema, hunyamazi hata kidogo. Nikipatia unanyamaza." Alimwondolea kondoo jani lililokwama sikioni. "Kila asubuhi ulinyamaza. Nikajua napatia."

Hakulisema kwa uchungu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananilaumu au alikuwa ananieleza tu, kama mwanafunzi anayeeleza alivyolifikia jibu. Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi tena, hata kwa mambo makubwa zaidi niliyoyafanya baadaye. Mdomo ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha, na nililijua.

Nilimwambia basi litaniacha.

Aliinuka, akanishika sanduku upande mmoja, akanisindikiza mpaka kwenye ua wa masale, akarudi kwa kondoo wake. Basi lilichelewa zaidi ya saa moja. Kutoka kituoni hadi nyumbani ni dakika kumi, hata kwa mwendo wa mjamzito. Nilikaa juu ya sanduku langu nikingoja, na sikurudi.